Tope la majitaka: kabla ya kuuliza gesi, uliza nauli ya malori

Bidhaa nyingi zinazotajwa katika ukurasa huu zina bei ambayo mnunuzi humlipa muuzaji. Tope linalobaki baada ya kusafisha majitaka ya mji ni bidhaa ya aina nyingine. Mwenye nalo ndiye anayelipa ili lichukuliwe. Humlipa dereva, hulipa mafuta ya lori, humlipa mwenye shamba au mwenye dampo, na kesho yake tope jipya limejaa tena, kwa sababu mji hauachi kula wala hauachi kwenda chooni.

Msomaji anaweza kuuliza jambo hili linamhusu nini mtu mwenye duka Kariakoo au mwenye akiba ndogo benki. Linamhusu kwa sababu mamlaka za maji zimeanza kuja sokoni kutafuta fedha za wananchi. Mwezi Februari 2024 Mamlaka ya Maji Tanga, Tanga UWASA, ilitoa hati fungani ya kijani ya shilingi bilioni 53.12, ya miaka 10, kwa riba ya asilimia 13.5 kwa mwaka inayolipwa kila baada ya miezi sita. Wanunuzi walijitokeza kuzidi kiasi kilichotakiwa, na hati hiyo ikaorodheshwa katika Soko la Hisa la Dar es Salaam. Fedha zile zilikuwa za kupanua huduma ya maji safi, si majitaka. Lakini mlango umeshafunguka, na si ajabu siku moja ukaletewa waraka wenye ukurasa mzima juu ya gesi ya kinyesi, umeme wa bure na mbolea ya kuuza.

Ripoti ya wiki hii inakusudia kumsaidia mwekezaji mdogo kuusoma ukurasa huo. Kwa ufupi, pesa ipo katika tope, ila ni pesa ya gharama zinazopungua kuliko pesa ya bidhaa inayouzwa. Mji unaolipa sana kubeba tope na kununua umeme unaweza kufaidika sana. Mji usiokuwa na gharama hizo hauna cha kupunguza, hata ukijengewa mtambo wa kupendeza kiasi gani.

Gharama zinakotoka

Majitaka yanapofika kwenye mtambo wa kisasa hupita kwanza kwenye machujio, kisha hutulizwa ili uchafu mzito uzame. Uchafu huo uliozama ni tope la kwanza. Maji yanayobaki hupelekwa kwenye matangi ambamo bakteria hula uchafu ulioyeyuka. Bakteria hao wanahitaji hewa, na hewa hupulizwa na mashine kubwa usiku na mchana. Katika mitambo ya aina hii, upulizaji wa hewa peke yake huchukua kama nusu ya umeme wote unaotumika. Bakteria wakishashiba huzaliana, na miili yao inayozidi hutolewa kama tope la pili.

Tope hilo lote ni maji kwa sehemu kubwa. Hata baada ya kukamuliwa kwa mashine, robo tatu ya uzito wake bado inaweza kuwa maji. Kwa hiyo mwenye mtambo anapolipa nauli ya tani moja ya tope, kwa kweli anasafirisha maji na kuyalipia kama mzigo.

Kuna dawa ya zamani ya tatizo hili. Tope hufungiwa ndani ya tangi lisiloingiza hewa, likapashwa joto la nyuzi 35 hadi 38, na kuachwa humo kwa takriban siku 20. Bakteria wasiotaka hewa hula sehemu ya tope inayooza na kutoa biogesi, ambayo zaidi ya nusu yake ni methani. Kila kilo ya sehemu inayooza iliyoliwa hutoa karibu mita moja ya ujazo ya biogesi. Mita hiyo moja ina nishati ya kama uniti 6, na injini nzuri hugeuza uniti 2 au zaidi kidogo kuwa umeme. Nishati inayobaki ni joto, na joto hilo hutumika kupasha tangi lenyewe.

Kwa hiyo tangi la kuozesha hufanya kazi mbili kwa mpigo mmoja. Linatoa gesi, na linapunguza tope. Waandishi wa nyaraka za mauzo hupenda kusema juu ya kazi ya kwanza. Mhasibu wa mtambo mara nyingi huangalia zaidi ile ya pili.

Mfano wa Washington

Mtambo wa Blue Plains uko kando ya mto Potomac katika jiji la Washington, Marekani. Unasafisha zaidi ya lita bilioni 1 za majitaka kwa siku, kutoka jijini na sehemu za majimbo ya Maryland na Virginia, na unahudumia watu zaidi ya milioni 2. Mwenye mtambo ni mamlaka ya maji ya jiji hilo, DC Water, ambayo ni miongoni mwa wateja wakubwa kabisa wa umeme mjini humo.

Kwa miaka mingi Blue Plains haikuozesha tope lake kwa faida. Tope lilikamuliwa, likachanganywa na chokaa ili kuua vijidudu na kupunguza harufu, kisha likapakiwa kwenye malori na kupelekwa mashambani Maryland na Virginia. Mzigo ulikuwa takriban tani 1,200 kwa siku, na ndani ya tani hizo ilikuwamo chokaa iliyonunuliwa. Yaani mamlaka ililipa kununua chokaa, kisha ikalipa nauli kuisafirisha chokaa hiyohiyo ikitoka.

Ulikuwapo mpango wa awali wa kujenga matangi makubwa ya kuozesha yenye umbo la yai. Gharama zikawa kubwa mno, mpango ukawekwa kando. Wahandisi wakageukia njia ya Norway ya kulipika tope kwa mvuke kabla ya kuliozesha. Kazi ilikamilika na mtambo ukazinduliwa Oktoba 2015, ukiwa wa kwanza wa aina hiyo Amerika ya Kaskazini. Gharama yake ilikuwa takriban dola milioni 470.

Matokeo yalionekana haraka. Mzigo wa tope ulishuka kutoka tani 1,200 kwa siku hadi takriban tani 450. Chokaa ikaondoka. Gesi ilianza kuendesha mitambo mitatu ya tabaini yenye kutoa umeme wa takriban megawati 10 baada ya kuondoa matumizi ya mtambo huo wenyewe. Hiyo ni kama theluthi moja ya umeme unaohitajika Blue Plains. Tope lililobaki lilikuwa safi vya kutosha kuuzwa kama mbolea ya udongo kwa jina la Bloom.

Kwa nini kulipika

Msomaji aliyewahi kupika maharage kwenye sufuria ya presha ataelewa upesi. Tope la pili, lile la miili ya bakteria, ni gumu kuoza kwa sababu kila bakteria ana ganda. Tangi la kawaida hutumia siku nyingi kuyavunja maganda hayo, na bado mengi hubaki mazima.

Katika njia hii tope hukamuliwa kwanza mpaka liwe zito, kisha huingizwa kwenye mtungi wa chuma na kupigwa mvuke wa nyuzi 160 hadi 170 chini ya mgandamizo wa takriban bar 6, kwa dakika 20 hadi 30. Halafu mgandamizo huachiwa ghafla. Maji yaliyo ndani ya maganda huchemka kwa mara moja na maganda hupasuka. Kinachotoka ni uji mwepesi unaopita kwenye pampu kwa urahisi hata ukiwa mzito mara mbili ya tope la kawaida.

Hapo zinapatikana faida tatu. Kwanza, bakteria wa kwenye tangi hukuta chakula kimeshavunjwa, hivyo hula sehemu kubwa zaidi na gesi huongezeka. Pili, kwa kuwa uji ni mzito mara mbili, tangi la ukubwa uleule hupokea tope mara mbili. Blue Plains ilijenga matangi manne tu, kila moja la lita takriban milioni 14, na hapo ndipo ujenzi ulipopata unafuu ukilinganishwa na mpango wa kawaida. Tatu, tope lililopikwa hukamuka vizuri zaidi, kwa hiyo maji machache hupanda kwenye lori. Joto lile pia huua vijidudu, ndiyo maana mbolea hiyo inaruhusiwa kutumika bustanini.

Njia hii si ya majaribio. Kampuni ya Cambi ya Norway ilijenga mtambo wake wa kwanza mjini Hamar mwaka 1995, na hisa za kampuni hiyo zilianza kuuzwa sokoni Oslo mwaka 2021. Mwekezaji akumbuke tu kwamba mapato ya muuza mitambo ya namna hii huja kwa mafungu. Jiji likitia saini mkataba, mwaka unakuwa mzuri. Jiji likiahirisha, mwaka unakuwa mkavu.

Hesabu ya dukani

Sasa tuchukue kalamu. Bei zitakazotumika hapa ni za mfano, ili msomaji aone njia ya hesabu, na kila mmoja anaweza kuweka bei za mji wake.

Megawati 10 zikitolewa saa zote za mwaka mzima ni uniti milioni 87.6. Tukiweka uniti moja kwa senti 8 za dola, umeme huo una thamani ya dola milioni 7 kwa mwaka. Ukigawa gharama ya ujenzi ya dola milioni 470 kwa dola milioni 7, utapata miaka 67. Hakuna mfanyabiashara atakayekubali kusubiri kiasi hicho, na hapo bado hatujaweka riba ya mkopo wala siku ambazo mitambo husimama kwa matengenezo.

Tuweke sasa malori. Tani 1,200 kutoa tani 450 ni tani 750 kwa siku ambazo hazisafirishwi tena. Kwa mwaka ni tani 273,750. Tukiweka dola 40 kwa kila tani, kubeba na kumwaga, ni karibu dola milioni 11 kwa mwaka. Ukijumlisha na umeme unapata kama dola milioni 18, na muda wa kurudisha mtaji unashuka hadi miaka 26. Ongeza chokaa isiyonunuliwa tena, muda unapungua zaidi. Mtambo wa aina hii hujengwa kwa zege la kudumu miongo mingi, ingawa pampu na tabaini zake hubadilishwa mapema kuliko hapo.

Kwa bei hizi za mfano, malori yamechangia zaidi kuliko umeme. Lakini ukipandisha bei ya umeme hadi senti 15 kwa uniti, umeme unakuwa na thamani ya dola milioni 13 na kuyapita malori. Ukishusha nauli hadi dola 10 kwa tani, kwa sababu mashamba yako jirani, malori yanachangia chini ya dola milioni 3 tu. Mtambo ni uleule, chuma ni kilekile, faida inabadilika kwa sababu ya bei mbili za mjini. Mwandishi wa waraka wa kuuza hati fungani asiyeeleza bei hizi mbili hajaeleza kitu.

Kuna jambo la mwisho katika hesabu hii. Jiji la Washington halikuwa linachagua kati ya kujenga na kutojenga. Mji hauwezi kuacha kushughulikia tope lake. Ulinganifu wa haki ni kati ya mtambo huu na njia nyingine ambayo ingelipiwa vilevile, pamoja na matengenezo ya mashine za chokaa zilizokuwa zikichakaa. Mwekezaji akikuta hesabu inayolinganisha mtambo mpya na gharama ya sifuri, ajue imekosewa, iwe kwa kumtisha au kwa kumvutia.

Wanaopunguza kabla ya kuongeza

Si lazima mji uwe na dola milioni 470. Katika bonde la Ziller nchini Austria kuna mtambo mdogo wa Strass, unaohudumia vijiji na hoteli za watalii. Mwaka 2001 waliweka injini mpya ya gesi yenye ufanisi mkubwa kuliko ya zamani. Mwaka 2004 walianza kutumia bakteria maalumu wanaoondoa naitrojeni kwenye maji yanayokamuliwa kutoka kwenye tope, kazi inayohitaji hewa kidogo sana kuliko njia ya kawaida. Mwaka 2005 mtambo ulizalisha umeme kuzidi kidogo matumizi yake. Somo la Strass ni kwamba hawakuanza kwa kutafuta gesi zaidi peke yake. Walibana matumizi ya upande wa hewa, ambako ndiko umeme mwingi unakopotea, na gesi iliyokuwapo ikaanza kutosha.

Oakland, jimboni California, walipita njia nyingine. Mamlaka ya EBMUD ilikuwa na matangi makubwa yenye nafasi, baada ya viwanda vya kusindika vyakula vilivyokuwa vikileta majitaka mengi kufungwa. Wakaanza kupokea mabaki ya chakula, mafuta ya migahawani na taka za viwanda vya mvinyo na kuku, na kutoza ada kwa kila lori linaloingia. Taka hizo zina nguvu nyingi kuliko tope la kawaida. Mwaka 2012 mtambo huo ukawa wa kwanza Amerika ya Kaskazini kuzalisha umeme kuliko unaotumia. Hapa mfanyabiashara atambue kwamba pesa iliingia mara mbili, kwanza kwa ada ya getini na pili kwa umeme. Atambue pia kwamba siku muuza taka akipata mnunuzi mwingine, ada hiyo huondoka.

Deni hulipwa na nani

Wapo wanaochanganya mtambo wa tope na hati fungani iliyotolewa na mwenye mtambo. Washington ni mfano mzuri. Julai 2014 DC Water iliuza hati fungani ya kijani ya dola milioni 350 ya miaka 100, itakayoiva mwaka 2114, kwa riba ya asilimia 4.814. Fedha zile zilikuwa za mahandaki makubwa ya kuzuia majitaka yasimwagike mtoni wakati wa mvua. Hazikuwa za kupika tope.

Riba ya hati hiyo peke yake ni karibu dola milioni 17 kwa mwaka. Linganisha na dola milioni 18 za hesabu yetu ya mfano hapo juu. Akiba nzuri ya mtambo mzima wa tope inalingana na riba ya mkopo mmoja wa mamlaka hiyo. Kinachomlipa mwenye hati fungani ni ankara za maji na majitaka za wakazi, mwezi baada ya mwezi. Akiba ya umeme na malori husaidia ankara hizo zisipande haraka. Haichukui nafasi yake.

Yaliyotokea London yanathibitisha jambo hili. Kampuni ya Thames Water, iliyobinafsishwa pamoja na nyingine za England na Wales mwaka 1989, nayo ina mitambo ya kupika tope kwa mvuke katika vituo kadhaa na huzalisha umeme mwingi kutoka kwenye tope. Hata hivyo, kufikia mwaka 2024 ilikuwa na deni la zaidi ya pauni bilioni 15, na mwaka huohuo mfuko wa pensheni wa Canada uitwao OMERS, uliokuwa mwanahisa wake mkubwa kuliko wote, ulitangaza kuihesabu hisa yake kuwa haina thamani. Biogesi haikuiokoa kampuni iliyokopa kupita uwezo wake wa kutoza wateja.

Huku kwetu

Afrika Mashariki ina mfano wake Kampala. Mtambo wa Bugolobi wa Shirika la Maji la Uganda, wenye uwezo wa lita milioni 45 kwa siku, una matangi ya kuozesha tope na mashine za kuzalisha umeme kwa gesi yake. Kampala ni mji wenye vilima na mabonde ya chepechepe, ardhi ya kutandaza mabwawa ni haba, na maji yakitoka mtamboni huelekea Ziwa Victoria ambako jiji hilohilo linavuta maji ya kunywa. Hapo mtambo wa mashine una sababu ya kuwapo, na bili ya umeme ya kupunguzwa ipo.

Miji yetu mingine mingi husafisha majitaka kwa mabwawa. Nairobi ina mabwawa makubwa ya Dandora, yaliyoko Ruai, na Dar es Salaam imeyategemea mabwawa kwa miaka mingi. Bwawa hufanya kazi kwa jua, mwani na muda. Halipulizi hewa kwa mashine, kwa hiyo bili yake ya umeme ni ndogo. Tope lake huzama chini na kukaa miaka kabla ya kuzolewa. Mtu akija kuuza mtambo wa kuzalisha umeme kwenye mabwawa kwa hoja ya kupunguza bili ya umeme, swali la kwanza ni bili ipi hiyo. Huenda hoja ya kweli ni ardhi, kwa maana mji umekua hadi ukingoni mwa mabwawa na kiwanja kile sasa kina thamani kubwa kuliko gesi. Hiyo nayo ni hoja halali, ila ina hesabu zake tofauti, na mwekezaji anastahili kuambiwa wazi.

Kuna pia suala la mabomba. Wakazi wengi wa miji yetu hutumia vyoo vya shimo na makaro, wala hawajaunganishwa na mfumo wa majitaka. Mtambo wa kuozesha hauwezi kuoza tope ambalo halijafika. Kama mtandao wa mabomba haujapanuliwa, au malori ya kunyonya vyoo hayajapangiwa utaratibu wa kuleta mzigo getini, matangi yatajengwa makubwa na kulishwa kidogo.

Mambo yanayoharibu hesabu

Wanaofanya kazi kwenye mitambo hii wanayajua matatizo yake, na mwekezaji ni vizuri ayajue pia. Maji yanayokamuliwa kutoka kwenye tope lililooza yamejaa amonia. Yakirudishwa mwanzoni mwa mtambo huongeza mzigo wa hewa na kula sehemu ya umeme uliopatikana. Ndiyo sababu Strass waliweka bakteria wao maalumu. Gesi nayo haitoki ikiwa safi. Ina salfa inayokula chuma, na ina mabaki ya vipodozi na sabuni ambayo yakiungua huacha unga mgumu kama mchanga ndani ya injini. Bila mashine ya kusafisha gesi, injini hufa mapema, na gesi hubaki kuchomwa hewani kwa mwenge.

Soko la mbolea lina hatari yake pia. Kemikali za kudumu ziitwazo PFAS, zinazotumika katika vyombo visivyoshika chakula, nguo zisizolowa na povu la kuzima moto, huishia kwenye majitaka na kubaki ndani ya tope. Kupika kwa mvuke hakuziondoi. Mwaka 2022 jimbo la Maine nchini Marekani lilipiga marufuku kumwaga tope la majitaka mashambani baada ya mashamba kukutwa yamechafuka. Mji uliokuwa ukipanga kuuza mbolea unaweza kujikuta tena unalipa nauli ya dampo. Kwa hiyo mauzo ya mbolea yakiwa ndiyo nguzo ya hesabu, nguzo hiyo ni nyembamba. Hata hivyo, marufuku ikija, mwenye tani 450 ataumia kidogo kuliko mwenye tani 1,200.

Maswali ya kuuliza kabla ya kutoa fedha

La kwanza, mtambo unatumia uniti ngapi za umeme kwa mwezi sasa, na kwa bei gani. La pili, tani ngapi za tope hutoka kwa siku, zinakwenda umbali gani na kwa nauli ipi. Majibu ya maswali haya mawili yanapatikana kwenye vitabu vya mamlaka yoyote, na yakikosekana ni ishara mbaya.

La tatu, je, wameshabana matumizi ya hewa na pampu kabla ya kufikiria kuzalisha umeme. Kazi hiyo ni ya bei nafuu na hulipa haraka. La nne, tope linatosha kulisha matangi kwa mwaka mzima, au linategemea mabomba yatakayojengwa baadaye. La tano, nani atasafisha gesi na kutengeneza injini, na vipuri vitatoka wapi na kwa fedha za nchi gani.

La sita ndilo linalogusa mfuko wa mwekezaji moja kwa moja. Riba italipwa kutoka wapi mtambo ukisimama miezi sita? Aliyenunua hati ya shilingi milioni 1 kwa riba kama ile ya Tanga anategemea shilingi 67,500 kila nusu mwaka, kabla ya makato yoyote. Jibu zuri ni ankara za wateja, zenye makusanyo yanayoonekana kwenye hesabu zilizokaguliwa, na akiba ya tope ikiwa ni nyongeza juu yake. Jibu la gesi itakayouzwa na mbolea itakayonunuliwa lisikubaliwe peke yake.

Tope la majitaka litaendelea kuwepo kila siku ambayo mji upo. Mamlaka inayolipunguza kwa theluthi mbili na kupata theluthi moja ya umeme wake, kama ilivyokuwa Blue Plains, imefanya biashara nzuri kwa wateja wake. Kwa mwenye hati fungani, uzuri huo unaonekana tu pale gharama za uendeshaji zinaposhuka katika taarifa ya mwaka huku makusanyo ya ankara yakibaki imara. Mistari hiyo miwili ndiyo ya kufuatilia kila taarifa inapotoka.